King'ora, Jivu na Moyo wa Anyango

King'ora cha mvuke hakivutwi kwa hasira. Shikeni hilo kwanza, nyinyi vijana mlioandikwa juzi kwenye boila, kabla sijasema lingine. Najua cha kwenu siku hizi kimekaa tu juu ya paa na ndege wanajisaidia juu yake. Shikeni tu. Unafungua koki ndogo ya chini ili maji yaliyolala kwenye bomba yatoke. Unangoja mpaka utoke mvuke mkavu. Ndipo unashika mnyororo na kuushusha polepole, kama unayemwamsha mtu unayempenda. Sauti inaanza chini, inapanda. Mimi nilifundishwa hivyo, nikakataa kufanya hivyo miaka kumi na tisa kwa sababu ya kiburi, na kiburi hicho kilikaribia kuniulia binti.

Mliniuliza siku ile kwenye kantini kwa nini king'ora cha kiwanda kizima kilinyamazishwa. Mmoja wenu akasema kiliharibika. Hakikuharibika. Mimi sijawahi kuacha kitu kimeharibika kwenye boila yangu. Kilinyamazishwa na mimi, na sababu yake ni mlango mdogo kwenye moyo ambao hata mkiutafuta kwa kioo cha kukuza hamtauona.

Sasa mtasema, huyu mzee aliacha shule darasa la tatu, atatuambia nini juu ya moyo. Nitawaambia. Daktari aliyemtibu binti yangu aliwahi kunisimamisha mbele ya wanafunzi wake wenye makoti meupe, akaniambia, "Mzee Otieno, waeleze ile ya boila." Nikawaeleza. Wakaandika. Watu waliofika chuo kikuu wakaandika maneno ya mtu wa kusukuma magogo. Kwa hivyo tulieni.

Nilikuja huku milimani nikitoka upande wa ziwa, kijana wa miaka kumi na tisa, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubeba magogo ya blugamu, ile mikaratusi, kutoka kwenye rundo hadi mdomo wa tanuri. Mkubwa wa boila alikuwa Arap Mosonik, Mkipsigis mrefu asiyependa maneno. Alikuwa akikaa juu ya debe lililopinduliwa, amefunga macho. Mimi nilidhani analala. Siku moja nilipita na gogo begani nikasimama.

"Unasimama nini, jaluo?" akauliza, macho bado yamefungwa.

"Hiyo pampu inalia, mzee. Jana haikuwa inalia."

Akafungua jicho moja. "Inalia wapi?"

"Mwishoni. Ikimaliza kuvuta, inakwama kidogo ndiyo inaachia."

Akaamka, akaifungua, akatoa valvu ndogo iliyokuwa imeshika kutu. Ilikuwa inachelewa kufunga. Akanionyesha kwenye kiganja. "Ona. Kitu hiki kikichelewa kidogo tu, kila kitu kinachokuja nyuma yake kinakuta mlango wazi. Kesho acha magogo. Utakaa na mimi."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi yangu, kwa sikio. Alinifundisha kila kitu. Kwamba gogo lililokauka likirushwa kwenye moto wakati mvuke bado uko juu, unajitafutia kaburi. Kwamba geji inaweza kusema uongo lakini gilasi ya maji, ile inayoonyesha maji yamefika wapi ndani ya boila, haisemi uongo ukiisafisha. Kwamba valvu ya usalama ikianza kutetemeka, haifungui vizuri wala haifungi, kelele inakuwa kubwa na kazi inakuwa hakuna. Mashine za kukaushia majani chai kule ndani zinapoa, na wewe huku unadhani boila inafanya kazi kwa sababu inapiga makelele. Wekeni hiyo ya kutetemeka akilini. Itarudi.

Na alinifundisha king'ora. Polepole, alisema. Nilipomuuliza sababu akasema, "Kuna wanawake wajawazito kule kwenye laini za nyumba za wafanyakazi. Kuna ng'ombe wanakamuliwa. Wewe unawaita kazini, huwafukuzi."

Alipostaafu na kwenda kwenye shamba lake upande wa Merigi, mimi nikawa mkubwa wa boila nikiwa na miaka ishirini na sita. Mtu wa darasa la tatu. Wakati huo karani wa kupima majani chai, mwenye cheti cha sekondari na kalamu tatu mfukoni, aliniita "makaa". Basi nikaamua watanijua. Nikaacha ile ya polepole. Nikawa nafungua mvuke wote kwa mpigo mmoja, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kama mlango wa chuma unaopigwa teke. Kilisikika hadi ng'ambo ya bonde la pili. Watu wakaanza kusema, "Otieno amevuta." Hawakusema kiwanda kimelia. Walisema Otieno. Mimi nilikuwa nikisimama pale chini nikitabasamu peke yangu kama mjinga.

Mke wangu Risper tulikaa naye kwenye chumba kimoja cha kampuni. Binti yetu Anyango alikaa kwa mama yangu kule ziwani kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo, akija kwetu likizo tu. Alikuwa na miaka tisa alipoanza kuanguka.

Na hapa ndipo niwaambie jambo la aibu. Mimi sikuwahi kumwona akianguka. Nilikuwa nikirudi nyumbani saa tatu asubuhi nakuta amelala, uso umepauka, mama yake ameketi kando. Nauliza, naambiwa ameanguka tena, akatetemeka mikono, akajikojolea, akaamka amechoka. Kwa bibi yake haanguki. Kwetu anaanguka. Akija Aprili, asubuhi ya kwanza. Akija Desemba, asubuhi ya kwanza. Dispensari wakasema ni kifafa, wakatupa dawa za kifafa, akameza miaka miwili na bado anaanguka. Majirani wakasema ni nyumba. Risper akaamini ni nyumba. Akaita watu wa maombi wakaomba kwenye kila kona, hata chini ya kitanda. Mimi nikasema ni safari, kwa sababu gari humtapisha njia nzima. Kila mtu alikuwa na jibu. Hakuna aliyekuwa na swali.

Halafu gogo likaniangukia mguuni.

Nilipewa siku tatu za kukaa nyumbani. Ilikuwa Agosti, na Anyango alikuwa amefika jana yake jioni, ametapika kama kawaida yake, hajala. Alikuwa na miaka kumi na moja. Asubuhi nilikuwa macho, nimelala chali, mguu juu ya gunia la mahindi. Risper alikuwa nje anawasha moto. Mtoto amelala kwenye mkeka karibu na mimi. Kwenye boila nilimwacha msaidizi wangu Kibet, niliyemfunza mwenyewe, kwa hivyo alivuta kama nilivyomfunza.

Jamani, mimi nilikuwa nimevuta kile king'ora miaka kumi na tisa. Sikuwa nimewahi kukisikia.

Kilinipiga kama kofi. Niliruka kitandani na mguu wangu mbovu. Moyo wangu ukasimama, ukapiga teke, ukaanza kukimbia ovyo, nikaona chumba kinajaa giza pembeni halafu kinarudi. Nikageuka. Anyango alikuwa ameketi wima, macho wazi, ananitazama kama mtu anayetaka kuniuliza kitu. Halafu akaanguka ubavu.

Nikajikokota hadi kwenye mkeka. Nikaweka sikio kifuani pake, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ninayoijua. Kimya. Nimesikiliza pampu maisha yangu yote, najua kimya cha pampu iliyopoteza maji. Nikaanza kuhesabu, kama ninavyohesabu nikingoja ishike tena. Nne. Tano. Risper akaingia na kijiko anataka kukitia mdomoni mwa mtoto. Nikamwambia aweke kijiko chini. Nane. Tisa. Nilipofika kumi na moja, kukawa na teke moja ndani ya kile kifua. Halafu lingine. Halafu ukashika.

Siku hizi najua kwamba haikunipasa kuhesabu. Ilinipasa kusukuma kifua, kwa nguvu na kwa haraka, na mtu mwingine akimbie kuita msaada. Nimefundishwa, nanyi mfundishwe. Siku hiyo sikujua.

Risper alikuwa ameketi sakafuni, kijiko mkononi. "Ndivyo inavyokuwa," akasema. "Kila likizo ndivyo inavyokuwa. Wewe huwa hupo."

"Huwa ni wakati gani?"

"Asubuhi, nimekwambia mara ngapi?"

"Wakati gani wa asubuhi, Risper?"

Akafikiri. Nikaona uso wake unabadilika polepole. "Otieno akivuta," akasema.

Sikungoja mguu upone. Tulipitia hospitali ya Kapkatet, tukatumwa mbele kwenye hospitali kubwa zaidi, na huko tukapelekwa kwa daktari mwanamke, kijana, jina lake Chebet. Alinikuta nimekaa na bandeji yangu, nimekasirika. Hakuniuliza nimesoma wapi. Aliniuliza swali ambalo tulikuwa tumelikosa miaka miwili.

"Baba, kabla mtoto hajaanguka, kunakuwa na nini?"

"King'ora."

"King'ora cha nani?"

"Changu," nikasema.

Akamlaza Anyango, akambandika waya kifuani na mikononi, mashine ikatoa karatasi yenye mistari kama milima. Akaiweka mezani na kuitazama muda mrefu. Halafu akachukua kalamu, akaniwekea alama mahali pigo linapoanza na mahali linapotulia. "Ona hapa. Moyo wake ukipiga, unachelewa kutulia. Huu umbali ulitakiwa uwe mfupi."

"Kwa nini unachelewa?"

Watu wengi hapo wangeniambia ni ugonjwa wa moyo, meza dawa, nenda nyumbani. Huyu binti Mkipsigis akavuta kiti.

Akasema moyo umejengwa kwa seli, vyumba vidogo mno, na kila chumba kina ukuta, na kwenye ukuta kuna milango. Milango hiyo haifunguliwi na mtu, inajifungua yenyewe kwa zamu, kila pigo, tangu tumboni mwa mama hadi kaburini. Kwanza unafunguka mlango wa sodiamu, ile ya chumvi ya mezani. Inaingia kwa kasi, na umeme mdogo unawaka: pigo limeanza. Unafuata mlango wa kalisiamu, na huo ndio unaoufanya msuli ujikaze na kusukuma damu. Mwisho inafunguka milango ya potasiamu. Potasiamu inatoka nje, umeme unashuka, chumba kinapumzika na kungoja zamu nyingine.

"Wa mtoto wako," akasema, "kuna mlango mmoja wa potasiamu ambao haufanyi kazi yake sawasawa. Amezaliwa nao hivyo. Basi chumba kinachelewa kupumzika. Siku nyingi haidhuru. Lakini akishtuliwa ghafla, mwili unamwaga homoni za kushtuka, moyo unaambiwa kimbia wakati bado haujatulia. Hapo mapigo yanavurugika. Moyo unatetemeka badala ya kupiga. Damu haifiki kichwani, anaanguka. Akiwa na bahati, unajirudi wenyewe."

Hapo nikamwambia, "Daktari, hiyo naijua."

"Unaijua vipi?"

"Valvu ya kutolea inachelewa. Mvuke haujashuka. Halafu mjinga anatupa gogo kavu kwenye moto. Valvu ya usalama inaanza kutetemeka, kelele tupu, na majani chai kule ndani hayapati joto."

Alinitazama. "Rudia," akasema, na akachukua karatasi. Ndiyo ile aliyonisimamishia baadaye mbele ya wale wa makoti.

"Na mimi ndiye mjinga wa gogo," nikasema.

"Hukujua, baba."

"Sikuuliza."

Akaniambia pia kwa nini ilikuwa asubuhi ya kwanza daima. Mtoto akitapika sana, potasiamu inapungua mwilini, na mlango ulio dhaifu unazidi kuwa dhaifu. Kwa hivyo Risper aliposema nyumba, na mimi niliposema safari, kila mmoja alikuwa ameshika kipande. Hakuna aliyekifikiria king'ora, kwa sababu aliyekivuta ni mimi, nilikuwa nacho mkononi.

Ngoja niwachekeshe. Niliuliza hiyo potasiamu inapatikana wapi. Akasema kwenye ndizi, maharagwe, viazi. Akasema hata kwenye jivu la kuni, wazee wetu walikuwa wakilichuja kupikia mboga. Jivu. Mimi nilikuwa nimepakua jivu kwa koleo miaka ishirini na zaidi. Nikaenda nyumbani na mpango wangu. Kule kwetu tunachuja jivu tunapata kado, maji makali ya chumvi ya kulainishia mboga. Nikachuja debe zima. Nikamwekea mtoto kwenye mboga, kwenye uji, mpaka Risper akanifukuza jikoni. Tuliporudi kliniki, Anyango akanisemea bila huruma.

"Daktari, baba ananilisha boila."

Daktari Chebet akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akaacha kucheka, akanionya. "Mzee, hana upungufu wa chumvi. Ana mlango. Chumvi ikizidi mno nayo inausimamisha moyo. Ale chakula cha kawaida, akiharisha au akitapika mlete upesi. Na hiki kidonge asikikose hata siku moja." Kidonge kinauzuia moyo usiisikilize sana hofu. Hakiurekebishi mlango. Kinamshika mkono yule anayetaka kutupa gogo.

Sasa kulikuwa na vita. Daktari alitaka mtoto akae karibu na hospitali, karibu na mama yake wa kumpa kidonge. Maana yake akae kwetu, chini ya king'ora. Nikaenda kwa meneja. Karani wa majani, yule wa kalamu tatu, alikuwa amesimama pale na daftari.

"Otieno," meneja akasema, "kile kitu kimeita watu kazini tangu hujazaliwa. Nikikizima, nani atakuja?"

"Watakuja, bwana."

"Makaa anataka tuzime kiwanda kwa sababu binti yake mwoga," karani akasema.

Nikamgeukia. Wakati ule nilikuwa na mikono kama magogo yenyewe. Lakini nikasema tu, "Nipeni wiki moja. Nisivute. Atakayechelewa, hesabu dhidi yangu. Wakizidi watano, mimi naacha kazi."

Meneja alipenda mchezo. Akakubali.

Siku ya kwanza sikulala. Ilipofika saa kumi na moja na nusu nilisimama chini ya mnyororo, mikono nyuma, kama askari aliyenyang'anywa bunduki. Nilikuwa nimejitia kitanzi kwa mdomo wangu mwenyewe: mtu wa darasa la tatu, bila kazi, angemnunulia nani kidonge? Saa kumi na mbili kasoro nikaona tochi zinashuka kwenye njia za mashamba. Moja. Tatu. Msururu. Wanawake na mashuka mabegani, wanaume wanakohoa. Wote walikuja. Jogoo waliwaamsha, simu ziliwaamsha, tumbo liliwaamsha. Miaka yote ile nilidhani ninaamsha bonde zima, na bonde lilikuwa macho kabla yangu.

Wiki nzima alichelewa mtu mmoja tu. Siku ya Alhamisi, robo saa, shati nje. Karani.

Hakuniita makaa tena mpaka alipohamishwa. Na king'ora hakikulia tena miaka kumi na nne. Anyango akaja kukaa nasi, akasoma hapa hapa, akalala mpaka jua likamgusa uso kama watoto wengine.

Nilipeleka habari kwa Arap Mosonik kule Merigi. Nilimkuta anafunga fito za boma. Nikamweleza yote, milango, potasiamu, karatasi. Akasikiliza amefumba macho.

"Nilikwambia polepole," akasema mwishowe.

"Uliniambia, mzee."

"Uliniona mshamba."

"Nilikuona."

Akanipa maziwa ya mursik kwenye kibuyu, na hatukulisema tena.

Bado kuna moja. Daktari Chebet alisema mlango kama ule hurithiwa, akataka sisi wote tubandikwe waya. Mlango wa Risper ni mzuri. Mimi nililala pale najigamba kwamba sijawahi hata kuumwa kichwa. Karatasi ikatoka. Akaiweka kando ya ile ya mtoto. Sikuhitaji kuambiwa. Milima ileile, umbali uleule.

"Mimi?" nikamuuliza. "Nimesimama chini ya kile kitu miaka kumi na tisa."

"Labda hilo ndilo lililokuokoa," akasema. "Wewe ndiye uliyevuta. Mwili haushtuki sana kwa kitu unachokifanya kwa mkono wako. Ulikisikia kama mtu mwingine siku moja tu."

Nikakumbuka chumba kinavyojaa giza. Halafu nikamkumbuka ndugu yangu Ouma. Alikuwa kijana, amelala mchana kwenye kiti barazani, radi ikapasuka karibu, akafa. Hakuwa na alama ya moto hata moja mwilini. Tulisema ametumiwa radi, na tukamnyooshea kidole jirani yetu mmoja, na familia yetu haikumsalimia huyo mzee miaka ishirini na tano. Sina karatasi ya Ouma. Siwezi kuapa. Lakini nilishuka kwenda nyumbani ziwani, nikaingia kwenye boma la yule jirani na kofia mkononi, nikamwomba msamaha. Alikuwa amezeeka, hasikii vizuri. Aliniuliza mara tatu ninasema nini. Aliposikia, alinishika mkono na hakuuachia mpaka chai ikaja. Hiyo pia ni kazi ya ile karatasi yenye milima.

Nisiwadanganye kwamba ilikuwa mteremko tangu hapo. Akiwa na miaka ishirini Anyango alikwenda kumtembelea rafiki yake kule Chepilat, akapata kikohozi, akanunua dawa dukani. Kadi yake ya moyo, ile aliyopewa hospitali yenye majina ya dawa za kuepuka, alikuwa ameiacha nyumbani, na hakumwambia muuzaji hali yake. Zipo dawa nzuri kabisa, za kikohozi kibaya, za malaria, za kichefuchefu, ambazo zinakwenda kuziba mlango uleule wa potasiamu. Kwako wewe si kitu. Kwake ilikuwa siku ya pili akaanguka sokoni. Mwanamke muuza mboga, aliyekuwa amefundishwa huduma ya kwanza kanisani, akamsukuma kifua mpaka akarudi. Baada ya hapo akawekewa kifaa kidogo chini ya ngozi, kinakaa kinasikiliza; moyo ukitetemeka, kinaupiga teke. Nilipokiona nikasema, hiki ni Arap Mosonik juu ya debe lake. Na kadi sasa inaning'inia shingoni. Nami yangu ninayo mfukoni, itazameni mkitaka.

Basi siku yangu ya kustaafu. Waliniita uwanjani, wakanipa blanketi, jembe na saa ya ukutani yenye kengele. Mimi, saa yenye kengele. Nikatoa bisibisi mfukoni, nikaifungua mbele ya meneja mpya, nikaing'oa kengele, nikamrudishia. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Meneja mpya, kijana mzuri, akasema, "Mzee, kwa heshima, tuvutie mara moja ya mwisho. Wengi wetu hatujawahi kukisikia."

Nikasema hapana. Sitavuta kitu kile binti yangu akiwepo.

Anyango akasimama. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa chekechea, amevaa gauni la kijani. "Mimi nitavuta," akasema.

Nikamwambia akae chini. Mama yake akamwambia akae chini.

"Nimemuuliza daktari," akasema. "Amesema nikivuta mwenyewe, polepole, kidonge nimemeza na hiki kifaa kiko hapa, sawa. Atakuja kusimama kando." Na kweli Daktari Chebet alikuwa pale kwenye safu ya pili, nywele zimeanza mvi, akainua mkono. Walikuwa wamepanga bila mimi. Anyango akanikaribia, akashusha sauti. "Baba, kile kitu nimekiogopa maisha yangu yote na sijawahi kukisikia mpaka mwisho. Nilikuwa nasikia mwanzo tu."

Nikampeleka chini ya mnyororo. King'ora nilikuwa nimekipaka grisi kila mwezi, miaka yote kumi na nne ambayo hakikulia. Msiniulize kwa nini. Nikamwonyesha koki ya chini. Maji yakatoka, yakatema, yakakauka. Mvuke mkavu. Nikamshikisha mnyororo kwa mikono miwili, yangu ikiwa juu ya yake.

"Kama unamwamsha mtu," nikamwambia.

"Najua kuamsha watu, baba. Nina darasa la watoto arobaini."

Akaushusha. Sauti ikaanza chini kabisa, chini ya miguu yetu, kama ng'ombe anayenyanyuka. Ikapanda. Ikafika bonde la kwanza, ikafika la pili. Kidole changu kilikuwa kwenye mshipa wa mkono wake na nilikuwa nahesabu. Pigo, pigo, pigo. Hakuna hata moja lililochelewa. Akashikilia mpaka mvuke ukaanza kuchoka wenyewe, sauti ikashuka, ikawa pumzi, ikaisha. Anyango akaachia mnyororo, akautazama, akanitazama mimi.

"Baba," akasema, "kumbe ni hiki tu?"